Chupa ya Kijani

Baba aliiweka mwenyewe mlangoni mwa friji,
kati ya maziwa na achari ya ndimu:
chupa ndogo ya plastiki, ya kijani,
ndani yake karatasi ya zambarau
imekunjwa mara nne kama hirizi.
"Watu wa ambulensi huangalia hapo kwanza,"
alisema Nesi Maureen. "Kila nyumba ina friji."
Baba akacheka hadi kikohozi kikamkamata.
"Basi wosia wangu utakaa na siagi."

Miaka thelathini na mmoja alioka mikate ya Hull,
zamu ya usiku, nyuma ya barabara ya Hessle,
akirudi alfajiri na unga kwenye nyusi
wakati sisi tunatafutana na soksi za shule.
Daktari alipomweleza habari za moyo,
kwamba ukisimama wataweza kukikandamiza kifua,
kwamba mbavu huvunjika, na kwa mtu wa hali yake
mara nyingi ni bure,
alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia:
"Mwajabu, mwambie bwana huyu,
mkate ukishaiva haukandwi tena."
Nikatafsiri. Daktari akaandika kitu kifupi zaidi.

Kwenye kundi la familia simu haikulala.
Shangazi Mwavita, Tabora: "Kwa hiyo mmemchoka."
Zamda, Maskati: machozi, machozi, aya, machozi.
Binamu ambaye hajampigia baba tangu msiba wa mama
akatuma sauti ya dakika saba kuhusu kukata tamaa.
Na kaka yangu Shomari, kutoka Birmingham:
"Nani aliyemshikisha kalamu?"
Nikaandika: yeye mwenyewe. Nikafuta.
Nikaandika: mimi nilishika karatasi isiteleze.
Nikafuta. Nikaenda kumbadilishia shuka.

Nimchoke vipi? Ni mimi nijuaye
mto wa pili unakaa chini ya goti gani.
Aliye mbali ana mapenzi yasiyo na harufu.

Shomari alifika Ijumaa na chupa ya asali.
Akamnyoa baba, akamlambisha kwa kijiko,
akatafuta kibla kwenye simu, tukageuza kitanda pamoja.
Hatukuzungumza juu ya karatasi.
Usiku nilisikia friji ikifunguliwa, ikaachwa wazi
mpaka ikaanza kulia kile kilio chake chembamba.
Nikadhani ni njaa.

Jumatatu, saa kumi alfajiri, pumzi zikabadilika,
kama mtu anayepanda ngazi
akisimama kukumbuka alikuwa anafuata nini juu.
Shomari alipiga simu kabla sijamzuia.
Wakaja wawili, mzee mmoja na msichana.
Pumzi. Kimya kirefu. Pumzi. Kimya.
"Kuna karatasi?" aliuliza msichana,
ameshainama, viganja juu ya fulana ya baba.
Nilikimbia jikoni. Chupa ipo. Nyepesi.
Niliipindua: tone moja la maji.

Niliporudi, Shomari alikuwa ameegemea ukuta,
koti la mvua juu ya nguo za kulalia.
Aliniangalia. Akamwangalia baba.
Mkono ukaingia mfukoni, ukakaa humo,
sijui muda gani, donge lingeweza kuumuka,
kisha ukatoka na zambarau.

Msichana akasoma. Akaondoa viganja.
Akaushika mkono wa baba,
akauliza jina lake linatamkwaje.
"Sefu," alisema Shomari. "Sefu Mzenga. Mwokaji."

Kulipokucha simu zilianza. Sikupokea.
Shomari alikuwa jikoni, amekunja mikono ya shati,
amemwaga mfuko mzima wa unga mezani,
anaukanda kwa viganja vyote viwili,
kwa uzito wake wote,
moja, mbili, moja, mbili,
na mimi sikumwambia kwamba hakutia hamira.